Taa ya Kulia

Nchi hiyo ina jina, lakini sheria yake inakataza jina hilo kutajwa na mtu aliyekaa, nasi tumekaa. Basi tuiite nchi tu. Ina bahari upande mmoja na Serikali pande tatu zilizobaki.

Katika nchi hiyo aliishi nahodha mmoja, Shomari Ngwali, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye shingo fupi na maneno mafupi zaidi. Shule aliiacha darasa la tano, siku mwalimu alipowaambia waandike insha juu ya bahari. Shomari akaomba ruhusa aende akaitazame kwanza, akaenda, hakurudi. Mashua yake aliiunda kwa mikono yake mwenyewe kwa miaka tisa, ubao mmoja mmoja, kila alipopata mbao. Aliipa jina Haina Haraka, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa historia yake. Ilipokwisha akaifunga injini, ikawa inavusha watu kati ya kisiwa cha Chanjaani na Bandari Kuu: walimu, wauza samli, wagonjwa, maharusi, kuku. Safari ya mwisho ilirudi kisiwani baada ya magharibi, giza likiwa limeshaingia, na kwa hiyo mashua ilikuwa na taa.

Taa zenyewe hazikuwa na elimu kubwa. Nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, nyeupe juu ya mlingoti. Baba yake Shomari alimfundisha kwa pumzi moja: "Ukiona nyekundu ya mwenzio, unautazama ubavu wake wa kushoto. Ukiona kijani, unautazama wa kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, piga bismillahi ukate usukani, maana anakujia wewe." Kwa elimu hiyo watu wa mwambao ule walipishana miaka na miaka, na hata meli kubwa ya Serikali, iitwayo Heshima, iliyokuwa ikikatiza mlango wa ghuba kila jioni, ilipishana nao bila kumkwangua mtu rangi.

Jambo linalokwenda vizuri bila Serikali kulijua ni jambo la hatari. Serikali ikalijua.

*

Ujumbe wa watu arobaini na mmoja ulisafiri ng'ambo kwenda mkutano wa mianga ya vyombo vidogo vya baharini. Mkutano ulifanyika katika mji usio na bahari wala mto, ili wajumbe wasijisahau wakaanza kutazama vyombo. Walirudi na kitabu. Kitabu kikapewa Kamati ya Tafsiri, yenye watu tisa, ambao wanane waliogopa maji na wa tisa hakuyaogopa kwa kuwa alikuwa hajawahi kuyaona mengi kwa pamoja. Baada ya miezi kumi na minne ikatoka Kanuni, ukurasa mmoja, na katikati yake mstari huu:

"Kila chombo kidogo kiwe na taa ya kulia, ya kijani, na taa ya kushoto, nyekundu."

Mtu wa pwani akiusoma mstari huo haoni kitu cha kumkosesha usingizi. Lakini Kanuni haikuandikwa ili isomwe na watu wa pwani. Ilipelekwa Wizara ya Bahari, Maziwa na Madimbwi, kwa Mkurugenzi wa Mianga, Dokta Ngonyoka, aliyezaliwa milimani na kupata udaktari wake kwa utafiti juu ya vivuli. Dokta Ngonyoka aliisoma Kanuni mara tatu, akavua miwani, akawauliza wasaidizi wake:

"Taa ya kulia nini?"

Wasaidizi wakatazamana. Mmoja, mwenye mke na watoto sita, akasema, "Labda chakula, Dokta."

"Bila shaka ni chakula," akasema Dokta Ngonyoka. "Mabaharia nao ni binadamu. Wanakula. Wakila gizani watameza miiba. Serikali imewafikiria."

Msaidizi wa pili, ambaye hakuwa na mke wala watoto, akathubutu. "Lakini mbele kidogo kuna kushoto, Dokta. Huenda kulia na kushoto ni..."

"Kushoto ni upande," akasema Dokta. "Kulia ni kitendo. Hata mtoto wa shule anajua kwamba upande hauwezi kushindana na kitendo."

Msaidizi huyo alihamishiwa Madimbwi.

*

Bwana Sadala Fimbo, Mkaguzi wa Mianga, alifika Chanjaani saa nne asubuhi, jua likiwaka kweli kweli, kwa sababu taa zote za nchi hiyo hukaguliwa saa za kazi. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alivua viatu kabla ya kupanda mashuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

"Nimekuja kukifunga chombo chako."

"Karibu," akasema Shomari. "Lakini si ungekikagua kwanza?"

Bwana Sadala akaona ni wazo zuri. Akafungua daftari. "Taa ya kulia iko wapi?"

"Hiyo hapo."

Mkaguzi akaiinamia ile taa ya kijani pale ubavuni, akanusa. "Hapa mnakula?"

"Hapo tunafunga kamba."

"Basi hiyo ni taa ya kufungia kamba. Mimi nauliza taa ya kulia."

"Ndiyo hiyo, mwanangu. Hapo ni kulia."

"Kwa hiyo mnakula hapo?"

"Hatuli hapo. Tunakula kule nyuma, kwenye sufuria. Hapo ni kulia. Kulia na kushoto. Mkono wa kulia."

"Mzee wangu," akasema Bwana Sadala kwa upole, "usinifundishe lugha ya taifa. Mimi nimefaulu." Akaandika, huku akisoma kwa sauti kile alichokiandika: "Chombo kina sufuria isiyo na mwanga. Taa ya kulia imewekwa mahali pasipoliwa, kwa makusudi." Akachana karatasi akampa. "Una siku saba. Taa ihamie kwenye chakula. Isipohamia, chombo kitapasuliwa kuni za jiko la Wizara."

Hilo halikuwa neno la kutisha watu tu. Wizara ilikuwa na jiko kubwa, na tangu Kanuni itoke ilikuwa haijanunua hata gunia moja la mkaa.

"Siku saba," akasema Shomari.

"Kuanzia jana," akasema Bwana Sadala, akavaa viatu vyake.

*

Jirani yake Shomari, Kombo Vuai, ambaye naye alikuwa na mashua, hakuwa mtu wa mabishano. Aliitii Kanuni siku ile ile. Aling'oa taa ya kijani ubavuni akaitundika nyuma kabisa, juu ya sufuria ya muhogo, akamcheka Shomari kutoka gatini.

"Wewe endelea kuwa mkaidi, ndugu yangu. Mke wangu amesema akipata ubao mmoja wa Haina Haraka atapikia wali."

"Mwambie asubiri," akasema Shomari.

Siku ya pili yake, magharibi, Heshima ilikuwa inakuja nyuma ya Kombo. Nahodha wa Heshima akaona mbele yake kijani peke yake. Akasema moyoni, huyo ananionyesha ubavu wa kulia, anakatiza kwenda zake, ngoja nimpitie kwa nyuma. Sasa nyuma ya Kombo ndiko kulikokuwa na taa, na sufuria, na Kombo. Meli ikaondoka na robo ya mashua, pamoja na muhogo wote.

Watu saba waliokuwamo waliogelea mpaka fungu la mchanga, hakufa mtu, isipokuwa mmoja alipoteza viatu na mwingine alipoteza imani. Wizara haikukawia. Kesho yake Kombo alikabidhiwa cheti chenye nembo ya dhahabu: Chombo cha Kwanza Kuzama kwa Kufuata Sheria. Kwa kuwa hakuwa na chombo tena cha kukitundika, alikitundika barazani kwake, na watu wakaenda kumpa pole na hongera kwa mkono mmoja.

Shomari naye alikwenda. 

"Ulikuwa unasemaje juu ya ubao?" akauliza Shomari.

"Nilikuwa natania," akasema Kombo.

Basi jambo likawa limenyooka mbele ya Shomari kama kamba ya nanga. Akiitii Kanuni, Heshima itamkata, yeye na watu wake. Asipoitii, msumeno utampasulia miaka tisa. Na zimebaki siku nne.

*

Alivaa kanzu safi akaenda Wizarani. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, akaingizwa kwa Dokta Ngonyoka. Akaeleza kwa ufupi, kama alivyofundishwa na baba yake, habari ya nyekundu na kijani na usukani. Dokta alisikiliza amefumba macho.

"Umesema vizuri sana kwa mtu asiyesoma," akasema. "Lakini umesahau chakula."

"Dokta, kulia ni huku." Shomari akainua mkono wake wa kulia.

"Huo ni mkono," akasema Dokta Ngonyoka.

Hapo mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia mama mmoja mrefu mwenye leso tatu, moja mkononi na mbili begani. Alikuwa Bibi Kalunde, Mkurugenzi wa Ustawi wa Hisia, na amekuja na Kanuni ameikunja kama barua ya posa iliyokataliwa.

"Dokta, nasikia mnawalisha watu kwa kutumia taa yangu," akasema.

"Taa yako ipi, Bibi?"

"Taa ya kulia. Kulia ni kutoa machozi. Baharini watu wanafiwa. Serikali imeona huruma, imesema kila chombo kiwe na mahali pa kulia, penye mwanga wa kijani, maana kijani kinatuliza. Nyie mmeweka sufuria."

"Mtu halii chomboni," akasema Dokta.

"Mtu halii?" akasema Bibi Kalunde. "Huyu hapa karibu analia."

Wote wawili wakamtazama Shomari. Kweli alikuwa karibu.

Wakabishana mpaka chai ikaletwa, wakabishana mpaka vikombe vikaondolewa. Mwishowe Dokta Ngonyoka akaagiza iandikwe kumbukumbu, nayo ikaandikwa hivi: Kwa kuwa Serikali haiwezi kuwa na maoni mawili, maoni yote mawili ni moja. Kuanzia leo taa ya kulia itawekwa mahali ambapo watu wa chombo wanakula na wanalia.

"Kwa wakati mmoja?" akauliza Shomari.

"Hilo ni la utekelezaji," akasema Dokta. "Sisi ni sera."

*

Mkewe Shomari, Biubwa, alikuwa uani amekaa kwenye mbuzi ya nazi ingawa hakuwa anakuna nazi, anakatakata vitunguu kwenye sinia. Shomari akaketi ukutani, akasimulia, akafika kwenye msumeno, akakwama. Alipoinua uso aliona machozi yanamtiririka mkewe.

"Usinililie, Biubwa."

"Nikulilie wewe? Nalilia vitunguu." Akajifuta kwa bega. "Miaka tisa umenambia bado ubao mmoja, bado ubao mmoja. Nimelala na mbao chini ya kitanda. Nimejifungua na mbao chini ya kitanda. Leo unakuja kuniambia kuni?"

"Wanataka taa iwe pa kulia chakula."

"Basi wape."

"Niihamishe kule nyuma, tukatwe kama Kombo?"

"Nani kakwambia uhamishe taa, we mwanamume? Hamisha chakula."

 Biubwa akaendelea kukata, kama mtu ambaye hakusema kitu.

"Chakula kije kwenye taa," akasema Shomari polepole.

"Sufuria ina miguu? Si unaibeba tu."

"Na wale wa machozi?"

 Biubwa alichukua kitunguu kimoja, akakikata nusu, akamsogezea mumewe usoni, akangoja. Hakungoja sana.

"Umeona," akasema.

*

Siku ya saba Bwana Sadala alikuja, na nyuma yake Kikosi cha Msumeno: watu wanne, msumeno mmoja, na mkokoteni wa kuchukulia kuni. Haina Haraka ilikuwa gatini imelala upande kidogo. Ubavuni kulia, chini ya ile taa ya kijani ambayo haikusogezwa hata unywele, palipigiliwa ubao mpana wa kulia chakula. Juu ya ubao pilau. Mwisho wa ubao Biubwa na sinia lake, anakatakata vitunguu kwa kasi ya fundi cherehani. Abiria ishirini walikuwa wamejipanga ubavu huo, wanakula na machozi yanawatoka mpaka kidevuni. Upande wa kushoto Shomari alikuwa ameweka magunia sita ya mchanga, mashua isipinduke kwa ajili ya sheria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hapa mnalia?"

"Tunalia."

"Kwa maana gani?"

"Zote, mwanangu. Kaa."

Bwana Sadala akakaa. Alikula sahani mbili. Alilia vizuri, kama mtu aliyekuwa na yake ya siku nyingi. Kisha akafungua daftari, akaandika kwa mkono uliolowa: Taa ya kulia inalika na inalilika. Kikosi cha Msumeno nacho kikapewa sahani, msumeno ukawekwa pembeni.

Wiki ile ile kila mashua ya pwani ilipigilia ubao wa kulia ubavu wa kulia, na kila mke wa nahodha akapanda chomboni na vitunguu. Bei ya vitunguu ilisimama wima kama mtu anayetaja jina la nchi. Lakini taa zilibaki zilipokuwa, na Heshima ikapita kila jioni kati yao bila kumgusa mtu, na nahodha wake alishangaa tu kwamba watu wa ghuba ile siku hizi wana majonzi mengi na hamu kubwa ya kula.

Shomari alidhani yamekwisha. Alisahau kwamba katika nchi hiyo jambo likifanikiwa lazima lizinduliwe.

*

Waziri wa Bahari, Maziwa na Madimbwi, Mheshimiwa Tandabui, alifika Chanjaani na magari kumi na mawili, ingawa kisiwa kilikuwa na barabara ya kutosha magari tisa. Matatu yaliungoja msafara majini. Walikuwapo Dokta Ngonyoka, Bibi Kalunde na leso mpya, Bwana Sadala na fomu za vyombo, ambazo kila nahodha alishajaza yake, na Kikosi cha Msumeno kwa ajili ya heshima. Taa ya kijani iliwashwa, jua likiwa kali kiasi cha kukaanga dagaa.

Waziri alihutubia amesimama kwenye ubao.

"Ndugu wananchi," akasema. "Kabla ya Serikali hii kulikuwa na giza kila usiku. Nani atabisha? Leo giza lipo, lakini lina kanuni. Zamani mtu alikula asione anachokula. Zamani mtu alilia asijulikane analia. Leo anaonekana kutoka mbali, kwa rangi ya kijani."

Watu wakapiga makofi. Vitunguu vilikuwa vimeshaanza kufanya kazi, kwa hiyo hotuba iliandikwa kwenye kumbukumbu kuwa ilikuwa ya kugusa.

Kisha Waziri akawekewa kiti, akakaa ameelekea mbele ya mashua, ubao wa chakula na taa vikiwa kuliani kwake. Maji yakaletwa akanawa. Akainua mkono wa kushoto, akaupitisha mbele ya kifua chake chote, akauzamisha katika pilau.

Watu wote wakatazama juu, kana kwamba kuna ndege anapita.

Ni lazima ieleweke kwamba pwani ile mtoto akila kwa mkono wa kushoto hupigwa konzi na mtu yeyote aliye karibu, hata asiyemjua. Mheshimiwa Tandabui alikuwa na shoto tangu kuzaliwa. Nchi nzima ilijua, na nchi nzima ilikuwa haijui. Katika picha za Serikali alikuwa akionyeshwa anakunywa.

Tonge la kwanza lilifika salama. La pili lilimwagika kwenye tai. La tatu likaanguka pajani, na Waziri akakunja uso.

"Nani aliyeweka taa na chakula upande nisiokula?"

 Shomari, ambaye mashua ilikuwa yake, akajibu. "Huo ndio upande wa kulia, Mheshimiwa. Mkono wa kulia."

"Mkono wangu wa kulia ni huu," akasema Waziri, akauinua ule wa kushoto, punje za wali zikimshuka mpaka kwenye saa. "Ndio ninaolia chakula. Nani ana neno?"

 Dokta Ngonyoka peke yake aliruka mbele, uso unang'aa kwa elimu.

"Mheshimiwa umetufumbua macho," akasema. "Kumbe kulia ni upande."

"Nimekuwa nikisema hivyo," akasema Shomari.

"Ni upande," akaendelea Dokta bila kumtazama, "nao ni upande wa mkono anaolia Mheshimiwa. Kuanzia saa hii, katika vyombo vyote, taa ya kijani iwe ubavu huu, na nyekundu iwe ule. Tuanze na chombo hiki. Kikosi."

Watu wanne wakanyanyua msumeno. Walikuwa wameshakula pilau ya mashua ile mara mbili, na nyuso zao zilionyesha kwamba hawafurahi, lakini walikuwa na mshahara.

Shomari aliitazama taa. Aliwaza Heshima ikija jioni, na yeye amebeba kijani kushoto na nyekundu kulia, anaonekana anaondoka kumbe anakuja. Aliwatazama abiria wake ishirini. Akautazama msumeno. Halafu akamgeukia Bwana Sadala.

"Mwanangu, nipe ile fomu ya chombo."

"Ulishaijaza, mzee."

"Kuna pahali nilipaacha wazi. Pa sita."

Bwana Sadala akapekua. Kweli, pa sita palikuwa pameandikwa: Mbele ya chombo ni wapi? Hakuna nahodha aliyewahi kupajaza, kwa kuona ni swali la mtu mgonjwa. Shomari akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wa darasa la tano, herufi kubwa kubwa: NYUMA. Chini yake, pa saba, Nyuma ya chombo ni wapi?, akaandika: MBELE. Akarudisha fomu.

Bwana Sadala alisoma. Akamtazama Shomari. Akaitazama sufuria ya pilau. Akagonga muhuri.

"Mheshimiwa," akasema Shomari, "samahani sana. Waliokukalisha wamekukosea adabu. Wamekukalisha umeipa mbele mgongo."

Waziri akashtuka. Mtu kama yeye hakai akaipa mbele mgongo, hilo lilikuwa limeandikwa hata katika kampeni. "Mbele ni wapi?"

"Ni huko nyuma, Mheshimiwa. Fomu hii hapa, na muhuri."

Dokta Ngonyoka akaisoma fomu, akaigeuza, akaisoma tena. Angeweza kubisha bahari, lakini muhuri wa Wizara yake hakuweza kuubisha. "Ni kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Kisheria, mbele ni kule."

Watu wanne wakaweka msumeno chini, wakashika kiti, wakakigeuza pamoja na Waziri. Sasa akawa ameelekea usukani, na ubao, na pilau, na taa ya kijani vikawa kushotoni kwake, karibu kabisa na mkono. Akachukua tonge. Likafika. Akachukua la pili.

"Mnaona?" akasema Mheshimiwa Tandabui, mdomo umejaa. "Kitu kidogo tu. Mlikuwa mnasumbuana bure."

Dokta Ngonyoka akaandika kwamba taa imehamishwa kwa mujibu wa maagizo. Kilichohamishwa ni Waziri, lakini kumbukumbu haikuwa na mstari wa kuandika hilo.

*

Msafara ulipoondoka, Kombo Vuai alishuka gatini akasimama karibu na Shomari, ambaye alikuwa anashusha magunia ya mchanga.

"Kwa hiyo kuanzia leo unakwenda nyuma?"

"Kwa karatasi."

"Na kwa maji?"

"Kwa maji nakwenda mbele, kama zamani."

Kombo akafikiri. "Nikiunda nyingine, na mimi niandike hivyo?"

"Kila mtu ataandika hivyo," akasema Shomari. "Nishikie gunia hapa, ndugu yangu, acha maswali."

Na kweli kila mtu aliandika. Kabla ya mwezi kwisha manahodha wote wa mwambao walijaza pa sita na pa saba, na hapakuwa na taa hata moja iliyosogezwa, wala ubao uliopasuliwa. Jiko la Wizara likarudi kununua mkaa.

Mwisho wa mwaka Mheshimiwa Tandabui alisimama Bungeni kusoma taarifa. Alisema kwamba nchi hiyo sasa ndiyo pekee ulimwenguni ambayo vyombo vyake vyote vinakwenda kinyumenyume, na vinafika. Wabunge walipiga meza kwa dakika kumi na moja. Mmoja alizimia, akapewa nishani.

Shomari hakusikia makofi hayo. Ilikuwa saa ya safari ya mwisho. Alikuwa amekaa kwenye usukani, nyekundu kushoto, kijani kulia, na Biubwa ubaoni ameshika sinia ambalo siku hizo halikuwa na vitunguu. Ng'ambo ya ghuba Heshima ilionyesha nyekundu yake, ikapita mbali, ikaenda zake. Abiria ishirini walikuwa wanapiga soga, na Haina Haraka, kwa mujibu wa sheria, ilikuwa inarudi nyuma kwa mwendo mzuri kuelekea nyumbani.